Nyumba ya Ufukweni Mbamba Bay

Ukishuka kutoka baridi ya Songea, kupitia Mbinga, hadi Mbamba Bay, sweta unalivua njiani. Huko nyumba nyingine ziko karibu mno na Ziwa Nyasa: mama anaosha vyombo huku akimtazama mwanawe akiogelea. Upepo upo, dagaa wapo. Nani atakataa kuishi hapo?

Kasoro ni vile vikona vitulivu vyenye majani, ambavyo watoto huvipenda. Konokono wa kichocho nao huvipenda. Vijidudu wanaotoka kwao hupenya ngozi ya anayeoga. Maji yaliyochujwa yakikaa kwenye pipa siku mbili, vijidudu hao hufa. Na mtoto akikojoa damu, msiseme amekua. Mpelekeni zahanati, kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli.