Kuongoza Si Kukemea

Ndugu walimu, mtu akipewa cheo cha kuwaongoza wenzake hupongezwa sana, lakini ni nadra kufundishwa. Sisi tunaosomesha Kiswahili katika nchi jirani tumeliona jambo hili mara nyingi: mwalimu hodari wa sarufi hufanywa mkuu wa idara, na kesho yake hutakiwa kujua namna ya kuishi na watu wazima sita wenye tabia sita. Tumeonelea tujifunze kwa mtu aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa rais, yaani Julius Nyerere, katika mema yake na katika yaliyomshinda.

Mwaka 1963 Mwalimu alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Hakuridhika nayo. Mwaka 1969 ikatoka iliyosahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi aliisahihisha kazi yake mwenyewe hadharani, wala heshima yake haikupungua.

Tulipata kufanya kazi katika shule moja ambako mkuu wa idara alimkemea mwalimu kijana mbele ya wanafunzi kwa kosa la upatanisho wa ngeli. Kwa sarufi, mkuu yule alikuwa na haki. Lakini tangu siku ile kijana hakuuliza tena swali mkutanoni, nasi wengine tukazoea kuficha tusiyoyajua. Waliopata hasara ni wanafunzi. Laiti mkuu yule angalituonyesha kwanza masahihisho yake mwenyewe, sote tungalithubutu kuuliza.

Somo la pili ni kuachia. Mnamo Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili aende kukiimarisha chama cha TANU. Mwaka 1985 akaacha urais kwa hiari yake. Anayekusudia kuondoka hana budi kumwandaa atakayeshika nafasi yake. Je, katika idara zetu, mkuu akiugua wiki mbili, nani anajua kutunga ratiba na mitihani? Ikiwa hakuna, basi mkuu huyo amejijenga mwenyewe, hakuijenga idara.

Somo la tatu ni chungu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kukataza majivuno na uonevu wa viongozi. Hata hivyo, mwaka 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini ni amri, na kwamba iwe imetimizwa kufikia mwisho wa 1976. Mahali pengi watendaji waliitimiza kwa nguvu, na wako wananchi waliovunjiwa nyumba zao. Neno la mkubwa huzidi uzito kila linaposhuka ngazi. Kwa hiyo haitoshi kiongozi kuuliza kama agizo lake limetekelezwa. Aulize pia limetekelezwaje, na awaulize wale waliolipokea mwishoni.

Lugha yetu imeyaweka pamoja maneno kuongoa, kuongoka na kuongoza. Anayeongoza anatakiwa naye awe tayari kuongoka. Wenzetu mtakaokabidhiwa idara muhula ujao, tunawaomba katika mkutano wa kwanza mlete kazi yenu wenyewe mezani, mkawape wenzenu kalamu nyekundu.