Jiwe Chini ya Mizani

Miaka mingi sisi wafugaji wa Masisi tuliuza ng'ombe kwa macho tu. Mchuuzi anakuja, anamzunguka mnyama, anampigapiga mgongoni, anataja bei. Macho yake yamezoea kazi hiyo. Yetu yanadanganywa na mapenzi, maana ng'ombe wako mwenyewe ni mnono siku zote. Basi mwaka 2018 wenye mifugo wa kilima chetu tulichanga franga, tukanunua mizani. Kazi ya kuisimamisha nikapewa mimi.

Mizani yenyewe ni vyuma viwili virefu. Vinalazwa chini, juu yake linafungwa jukwaa la mbao la kusimamia mnyama, na waya unapeleka uzito kwenye kisanduku chenye kuonyesha kilo. Tuliiweka katika njia nyembamba ya miti, ile tunayochanjia ng'ombe. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, watu wanangoja, mchuuzi anatazama saa yake. Nikasawazisha udongo kwa jembe, nikafunga jukwaa, kioo kikaandika 0. Nikasema: «Tayari!»

Wa kwanza alikuwa dume la mama mmoja mjane. Kilo 225. Mama akanyamaza kidogo, akasema: «Nilimdhania mkubwa zaidi.» Nikamjibu: «Mama, mizani haina upendeleo.» Akapokea franga zake, akaenda.

Jioni, nikiondoa mavi, nikaona jiwe limechomoza udongoni, linagusa jukwaa kwa chini. Moyo ulinishtuka. Jukwaa likiwa tupu halikuligusa, ndiyo sababu nilisoma 0. Lakini mnyama alipopanda, vyuma vilizama katika udongo laini, na jiwe likabeba sehemu ya uzito wake. Kesho yake nikapandisha mifuko 4 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja. Kioo kikasema 181.

Tukaanza upya. Tulimwaga zege, tukakaza vyuma juu yake, tukaacha nafasi ya vidole vitatu kila upande, na waya tukaupitisha ndani ya bomba, panya wasiutafune. Mifuko ile ile ikatoa 200, katikati na pembeni pia. Na sasa tunapima asubuhi kabla ng'ombe hawajanywa, kwa kuwa lita 30 za maji tumboni ni kilo 30.

Na yule mama? Dume lake lilikwisha liwa Goma, na mchuuzi alisema bei ilikwisha patana. Upungufu wake kamili nani aujue? Jiwe halibebi sawasawa kila mara. Nikakadiria kilo 25, nikampelekea mbuzi jike wangu, nikamweleza yote.

Akamfunga mbuzi kwenye mgomba. «Mwanangu,» akasema, «dume langu nilimjua. Safari nyingine, nipimie kwanza mifuko.»

Mifuko ile ingali karibu na mizani, imekwisha kuwa migumu kama mawe. Yeye huja mapema, akaketi, akaitazama ikipandishwa.