Mtoto wa jicho hangoji barabara ifunguke

Kazimia, wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini. Kando ya ziwa Tanganyika, kuna wazee wanaotembea kwa kuongozwa na wajukuu. Mtoto anashika ncha moja ya fimbo, mzee anashika ncha nyingine, na hivyo ndivyo wanavyoshuka hadi ufukweni au hadi kanisani. Wengi wa wazee hao wameambiwa kwamba ni uzee tu. Wengine wameambiwa wamerogwa. Wachache ndio walioambiwa jambo ambalo mara nyingi ndilo ukweli: kwamba wana mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji ambao, mikononi mwa daktari aliyezoea, hauchukui hata nusu saa.

Nyuma ya mboni, ile sehemu nyeusi katikati ya jicho, kuna kioo kidogo cha asili kinachoitwa lenzi. Mtu anapozeeka, au jicho linapopigwa, kioo hicho kinaanza kuingia ukungu. Mwanzoni mtu huona kama vile anatazama kupitia moshi wa jiko. Baadaye anabaki kuona mwanga na kivuli tu. Hakuna matone ya dawa, majani wala miwani vinavyoweza kuusafisha ukungu huo. Dawa ni moja tu: kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2020, duniani kote, watu wapatao milioni 15 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walikuwa vipofu kwa sababu ya mtoto wa jicho peke yake. Karibu nusu ya vipofu wote wa umri huo walikuwa watu wa kuweza kuponywa.

Kinachokosekana zaidi ni mikono. Katika mpango wake wa hadi mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka lengo kwamba Afrika iwe na angalau daktari mmoja wa macho kwa kila watu 250,000. Nchi nyingi za bara hili hazijafikia hapo, na hata pale madaktari walipo, wengi wanakaa katika miji mikubwa. Mgonjwa wa Kazimia anayetaka kupasuliwa jicho anafunga safari kwenda Baraka, halafu Uvira, halafu Bukavu. Wengine wanavuka mpaka hadi Bujumbura. Kwa pikipiki, kwa gari au kwa mtumbwi wa mota, ni safari ya siku nyingi na ya pesa nyingi, na mtu asiyeona hawezi kusafiri peke yake. Lazima asindikizwe na mtu anayeacha shamba lake au nyavu zake.

Katika hali hiyo ndipo korona ilipoingia. Mgonjwa wa kwanza nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi rais wa jamhuri alitangaza hali ya dharura na kufungwa kwa mipaka kwa wasafiri. Kabla ya mwezi huo kwisha, Bukavu nayo ilikuwa imepata wagonjwa wake. Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake, kwa hiyo njia ya Bujumbura ikafa.

Madaktari wa macho walikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wenzao wengi. Ili kulichunguza jicho, daktari anausogeza uso wake karibu kabisa na uso wa mgonjwa, pumzi kwa pumzi. Mmoja wa watu wa kwanza kuonya dunia kuhusu ugonjwa huo alikuwa daktari wa macho, Li Wenliang wa mji wa Wuhan, China. Aliwaandikia madaktari wenzake tarehe 30 Desemba 2019. Baadaye aliugua mwenyewe, akaeleza kwamba anaamini aliambukizwa na mgonjwa aliyekuja kutibiwa presha ya jicho, mtu ambaye hakuwa na dalili yoyote. Alikufa tarehe 7 Februari 2020. Baada ya hapo, pahali pengi duniani, madaktari walianza kuning'iniza karatasi ya plastiki, au hata filamu ya zamani ya eksirei iliyotobolewa, kati yao na mgonjwa.

Halafu kukaja maagizo ya kusimamisha upasuaji wote unaoweza kungoja. Tarehe 18 Machi 2020 chama kikuu cha madaktari wa macho wa Marekani kiliwataka wanachama wake waache kila kazi isiyo ya haraka. Hospitali za nchi nyingine zilifanya vilevile. Mwezi Mei mwaka huo watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za msukosuko mkubwa, operesheni zaidi ya milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa duniani. Mtoto wa jicho aliwekwa katika orodha ya mambo yanayoweza kungoja, kwa sababu hauui mtu.

Mzee mmoja wa Kazimia, mvuvi wa ndagala tangu ujana wake, alikuwa katika orodha hiyo. Alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa mwezi Aprili 2020, mbali na kwao. Wanawe walikuwa wameuza mbuzi wawili na mota ya mtumbwi ili kupata pesa ya safari. Simu ikapigwa kutoka hospitali: asije, watamwita. Wiki hizohizo, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabeba nyumba na watu, na maelfu wakabaki bila makao. Hata angeitwa, angepita wapi? Hali ya dharura iliondolewa mwezi Julai, lakini pesa ya mbuzi na mota ilikuwa imekwisha kuliwa, maana nyumba yenye njaa haiwezi kuweka pesa chini ya godoro kwa miezi mitatu.

Kuna kundi lingine lililoumia ambalo halikusemwa sana: madaktari waliokuwa wanajifunza. Mtu anaweza kusoma kitabu chote juu ya mtoto wa jicho na bado asijue kumtoa. Njia inayotumika sana katika nchi zenye uwezo mdogo inataka daktari akate njia ndogo ya milimita sita au saba katika sehemu nyeupe ya jicho, aingie kwa mteremko ili kidonda kijifunge chenyewe bila kushonwa, aufungue mfuko mwembamba unaobeba lenzi, aitoe lenzi, na aweke nyingine bila kuupasua ukuta wa nyuma wa mfuko huo. Ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Ukipasuka, jicho linaweza kupona vibaya au kupotea. Mgonjwa yuko macho muda wote, jicho limetiwa ganzi tu, na anasikia kila neno linalosemwa.

Kazi hiyo inafundishwa mkono kwa mkono. Mwalimu anakaa pembeni, mwanafunzi anafanya hatua moja, kesho hatua mbili, mpaka siku anapofanya operesheni nzima. Masomo ya udaktari wa macho katika ukanda huu huchukua miaka mitatu au minne baada ya udaktari wa kawaida. Mwanafunzi akipoteza miezi ya vyumba vya upasuaji kufungwa, tarehe ya mtihani inakuja akiwa na cheti mkononi lakini mikono bado haijazoea. Anayelipa upungufu huo ni mgonjwa wake wa kwanza, na mara nyingi mgonjwa huyo ni maskini wa kijijini.

Hata hivyo, jibu moja lilikuwa limeanza kutafutwa kabla ya korona. Daktari William Dean wa chuo cha afya cha London na wenzake wa Afrika waliwachukua madaktari wanafunzi 50 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Nusu yao walipelekwa Cape Town kwa mafunzo ya siku tano ya kupasua macho ya bandia chini ya hadubini, wakirudia hatua ileile mara nyingi bila kumgusa mtu. Nusu nyingine waliendelea kwanza na masomo yao ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Katika mwaka uliofuata mafunzo, waliopitia macho ya bandia walifanya operesheni zaidi ya maradufu ya wenzao. Na kwa wenzao, ule ukuta mwembamba ulipasuka katika zaidi ya robo ya operesheni. Kwa waliofundishwa, ulipasuka katika chini ya kumi kwa kila mia.

Maana yake ni rahisi. Jicho la plastiki halipumui, haliambukizi na halihitaji mpaka ufunguliwe. Linaweza kuwekwa juu ya meza mahali popote penye umeme wa jua, hadubini na mwalimu. Katika miezi ya korona, masomo mengine pia yalihamia kwenye intaneti: shirika la Orbis, kupitia jukwaa lake la Cybersight, liliwaunganisha madaktari wa nchi maskini na walimu wa mbali. Masomo hayo hayakuchukua nafasi ya mwalimu anayekaa pembeni, ila yalizuia mikono isisahau kabisa.

Kongo ya mashariki yenyewe ilikuwa na ushahidi wake. Ebola ilipoipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwezi Agosti 2018, ilijulikana tayari kutoka Afrika ya Magharibi kwamba kirusi kinaweza kubaki ndani ya jicho la mtu aliyepona, na kwamba baadhi ya waliopona wanapata uvimbe wa ndani ya jicho na mtoto wa jicho. Mwaka 2019, ugonjwa ukiwa bado unaendelea na risasi zikilia, walionusurika walifunguliwa kliniki ya macho huko Beni, na madaktari wa macho Wakongomani wakafundishwa humo namna ya kuwachunguza kwa usalama. Hawakungoja amani ndipo wafundishwe. Kama wangengoja, wangekuwa wanangoja hadi leo.

Hapo ndipo pana somo kwa Fizi. Korona ilifunga barabara kwa miezi. Vita, mvua na ukosefu wa pesa vinaifunga barabara ya Kazimia karibu kila mwaka. Familia zilizoshuka kutoka milimani, zile zilizolala mashuleni na makanisani mpaka zikapata mahali, zinajua kwamba mzee asiyeona ndiye wa mwisho kukimbia, na kwamba mtoto anayeshika fimbo yake haendi shule. Mpango unaosema "mgonjwa aende Bukavu" ni mpango mzuri kwa siku ambazo njia ni nzima. Siku za namna hiyo Kazimia inazihesabu kwa vidole.

Kwa hiyo swali la kuwauliza viongozi wa afya si siku ambayo daktari mgeni atapita tu. Ni hili: nani, kati ya vijana wa Fizi, Baraka na Kazimia waliosomea uuguzi na udaktari, anatumwa kujifunza macho, na akirudi atakuta chombo gani cha kufanyia kazi? Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kumtambua mwenye mtoto wa jicho kwa tochi, kumtenga na mwenye ugonjwa mwingine, na kuandaa orodha. Timu ya upasuaji ikifika na kukuta orodha tayari, haipotezi siku. Na daktari kijana anayefuatana na timu hiyo anapata mikono yake hapahapa, kwa watu wake.

Yule mzee mvuvi alipasuliwa mwishowe, mwaka 2022. Jicho la kulia lilifunguliwa na anaona mitumbwi ikirudi asubuhi. La kushoto lilikuwa limekwisha. Wakati wa kungoja, lenzi ilivimba, presha ikapanda ndani ya jicho, likamuuma wiki mbili, kisha likanyamaza. Nyumbani walishangilia maumivu yalipokwisha. Daktari aliwaeleza kwamba siku ile ndiyo mshipa wa kuonea ulipokuwa unakufa. Mtoto wa jicho hauui mtu, ni kweli. Unaua jicho, na jicho lililokufa namna hiyo halirudishwi na daktari wa Bukavu wala wa Ulaya.

Basi ndugu msikilizaji, nawe uliye mbali na kwenu kwa sababu ya vita, kuna mambo ya kufanya tangu leo. Mzee akisema anaona moshi, mpeleke kwenye kituo cha afya angali anaweza kutembea mwenyewe. Jicho likiuma sana, likawa jekundu na kuona kukapungua ghafla, usingoje hata kesho. Mtoto mdogo akionekana na weupe katikati ya jicho, hiyo ni haraka kuliko zote, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa au kansa. Usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Na usikubali mtu yeyote amchome mzee jichoni kwa sindano nyumbani akidai anausukuma ukungu.

Waliokimbia na karatasi za hospitali wazitunze pamoja na kadi ya uchaguzi. Siku timu ya macho itakapofika Baraka, aliye na karatasi yake ndiye atakayejulikana upesi.