Swali Lililomwamsha Shangazi

Kwetu Kasikeu, mtu akinyamaza siku nyingi hatusemi ni mgonjwa. Tunasema ana mawazo mengi. Ataletewa uji, ataombewa, na mawazo yakizidi ataanza kutafutwa jirani mwenye mkono mbaya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi yangu baada ya kumzika mumewe. Huyu ni mama aliyezoea kuwatangulia wenzake kwenye mwethya, ule umoja wa kuchimba matuta. Ghafla akawa halali usiku, na mchana haamki. Mbaazi zilimharibikia shambani. Muthokoi wajukuu walimpikia, asiuguse. Wengine walisema ni uzee, wengine uchawi.

Hatimaye alipelekwa zahanati kupimwa malaria. Bahati njema, muuguzi aliyemkuta alikuwa amefunzwa mambo ya akili. Hilo si ajabu huku Makueni, ambako Profesa David Ndetei na wenzake wameshirikiana na wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, hata waganga wa kienyeji, ili wagonjwa wa huzuni watambuliwe mapema. Muuguzi alimwuliza: "Mwaitu, haya yalianza lini? Na siku hizo ni nani aliyetoka maishani mwako, au aliyegombana nawe?"

Shangazi alilia kwanza. Kisha yakatoka mawili: mume ambaye hakupata nafasi ya kumlilia kwa sababu ya shughuli za matanga, na shemeji aliyesogeza mpaka wa shamba wiki chache baadaye. Alirudi kila juma. Walipanga pamoja maneno ya kumwambia shemeji, wakayafanyia mazoezi kama watoto wa shule wanaojiandaa kwa mchezo wa kuigiza. Mpaka haujarudi wote ulipokuwa, lakini siku hizi shangazi analala, anakula, na shemeji husalimiwa.

Tiba hii ya mazungumzo, inayotazama uhusiano wa mtu na wenzake, ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Huuliza kama huzuni imeanzia kwenye msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa kama kustaafu au kuhama, au upweke. Basi. Haichimbui mambo yote ya utotoni.

Labda utasema, msomaji, hayo ni ya Wazungu. Hebu tazama Uganda. Mwaka 2002 ilijaribiwa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, ambako Ukimwi ulikuwa umeacha makaburi mengi. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Wanawake walikaa peke yao, wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Mwishoni, waliobaki na ugonjwa wa huzuni katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupewa tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuendesha vikundi vya namna hiyo.

Kuna wanaodai kwamba wanawake wetu wamezungumza tangu jadi, kisimani na kwenye chama. Ni kweli, lakini ya kisimani hufika sokoni kabla ya mtungi kujaa. Katika tiba kuna siri, kuna siku maalumu, na kuna mtu anayekurudisha kwenye jambo lenyewe unapolikwepa.

Nawe uliye Nairobi, kijana wa chuo au mama wa nyumba, ukimwona wako amebadilika, mwulize kama muuguzi yule alivyouliza, kisha nyamaza umsikilize. Ila anayezungumzia kujiua, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimweke nyumbani kwa mazungumzo. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.