Maabara ya Samaki na Somo la Maradhi

Mwaka jana tulikabidhiwa kuwafundisha wanachuo wa mwaka wa kwanza mbinu za kufundisha mada ya magonjwa ya kuambukiza. Tulichagua mfano wa Visiwa vya Faroe, visiwa 18 vilivyomo katika Atlantiki ya Kaskazini. Visiwa hivyo ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, lakini tangu mwaka 1948 vina serikali yao ya ndani. Mwaka 2020 vilikuwa na wakazi wapatao 52,000.

Tuliandika ubaoni: mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19, Machi 2020, jumla ya wagonjwa wa wimbi la kwanza, 187, waliokufa, hakuna. Wanachuo wakanakili. Tulipowauliza maswali, wakatusomea tarakimu zile zile. Kosa lilikuwa letu. Tuliwapa majibu kabla ya kuwapa swali.

Katika kipindi kilichofuata tulifuta ubao, tukauliza: Samaki wanahusianaje na UVIKO-19? Darasa likacheka, kisha likaanza kufikiri. Hatua kwa hatua tulifika kwenye jibu. Uchumi wa visiwa hivyo hutegemea sana ufugaji wa samaki aina ya salmoni. Miaka ishirini hivi iliyopita virusi viliwaangamiza samaki hao, na wataalamu wakajenga uwezo wa kuvitambua. Mapema mwaka 2020, mtaalamu wa mifugo Debes Christiansen aliigeuza maabara hiyo ipime binadamu. Hivyo wagonjwa walitambuliwa upesi, na waliokutana nao wakatengwa. Shule zilifungwa mwezi Machi; mwezi Aprili watoto wadogo wakawa wa kwanza kurejea.

Ndipo mwanachuo mmoja aliponyosha mkono. "Mkufunzi, darasani mwangu yumkini yupo mtoto aliyefiwa na bibi yake kwa maradhi hayo. Nikimsimulia habari hizi, hataona kwamba nawalaumu wazazi wake kwa uzembe?"

Tulinyamaza kidogo, kwani swali lilikuwa la haki. Tulikuwa tumesimulia nusu ya habari. Maradhi hayakuishia hapo: kifo cha kwanza kilitokea Januari 2021, na kufikia mwaka 2022 wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wamezidi 30,000, na waliokufa walikuwa 28. Walichokipata watu wa Faroe ni muda. Wengi wao waliambukizwa baada ya chanjo kufika, si kabla. Isitoshe, kisiwa chenye watu wachache na maabara tayari hakilingani na mji wenye msongamano. Mwalimu asiyeeleza tofauti hizo huligeuza somo kuwa hukumu.

Ndugu wanachuo, tulijifunza mambo mawili. Kwanza, anzeni na swali linalomshangaza mtoto, kisha tarakimu zifuate kama ushahidi. Pili, mfundishapo maradhi, kumbukeni kwamba miongoni mwa wanafunzi wapo wafiwa. Waelezeni ugonjwa unavyoenea na unavyozuiwa, wala msitafute wa kulaumiwa.

Aliyejifunza kupima virusi vya samaki hakujua kwamba siku moja elimu hiyo ingewafaa majirani zake. Nasi hatujui ni somo lipi kati ya haya tunayoyafundisha leo litakalohitajiwa kesho. Kwa hiyo hapana budi kila somo tulifundishe kwa ukamilifu.