Treni isiyo na mabega

Kuna wenzangu wanaocheza mpira siku ya Jumamosi, kuna wanaoimba kwaya, na kuna wanaolala. Mimi Jumamosi natandika njia ya treni kwenye saruji ya sebule, meta mbili kwa moja, na mama anairuka akienda jikoni. Njia ni ya plastiki. Treni ni ya matofali ya LEGO, yale madogo yenye vinundu juu, ambayo hushikana ukiyabana. Tangu mwaka wa kwanza nimeficha jambo hili, kwani mtu wa miaka 24 anayesoma isimu ya lugha za Kiafrika hatazamiwi kupiga magoti akifuata katreni kwa macho. Naliandika sasa kwa sababu ya nkambo wangu, na kwa sababu ya hesabu moja iliyonifanya nifute safu nzima katika daftari langu la utafiti.

Nimeandika katreni, na maprofesa wasinipigie mstari mwekundu. Najua kwamba vitabu vinataka ki- na vi- kwa kudogosha. Lakini sisi wa Katanga tulizaliwa ndani ya ka- na tu-, tukasema katoto na tutoto kabla ya kujua kwamba kuna ngeli. Kitu kinachochezewa chini ya meza ya Lubumbashi hakiwezi kuitwa kitreni. Hakuna mtoto wa mtaa wetu angeelewa unazungumzia nini. Vilevile vinundu vya matofali: nyumbani tuliviita tubuto, yaani vifungo vidogo, kimoja kabuto. Nitatumia neno hilo hapa, kwa kuwa ndilo nililohesabia.

Sanduku lililetwa na mjomba wangu kutoka Liège nilipokuwa na miaka 11. Alilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua lilikuwa na nini. Treni za LEGO zilianza mwaka 1966, zikitembea kwa betri juu ya reli za buluu. Zikaja za volti 12, na mwaka 1980 reli zikawa za kijivu. Mwaka 1991 umeme wa volti 9 ukapitishwa katika reli zenyewe, na tangu 2006 treni zimerudi kwenye betri. Sanduku letu ni la wakati wa kijivu, na wakati ule njia haikuja ikiwa imeungwa. Ulipata reli mbalimbali, mataruma mbalimbali, na katikati reli nyingine nyembamba za kupitisha umeme. Lazima utandike mwenyewe, taruma kwanza, reli ya kushoto, reli ya kulia, kisha zile za umeme, kipande baada ya kipande. Ukifika kwenye kona unagundua kwamba ulianza vibaya, unavunja, unaanza upya. Vipande 16 vya kona hufunga duara zima.

Treni ya volti 12 inataka umeme wa ukutani, na wote mnajua umeme wa ukutani katika mitaa yetu unavyokuja na kuondoka. Kwa miaka miwili nilicheza saa tano za usiku, umeme uliporudi. Halafu nikaona betri ya pikipiki ya jirani: volti 12! Niliazima, nikaunganisha nyaya mbili, na mashini ikaruka nje ya njia kwenye kona ya kwanza, kwa sababu betri haina kifungo cha kupunguza mwendo. Dawa niliipata kwa fundi wa redio: weka balbu ya taa ya pikipiki kati ya betri na njia. Balbu inakula sehemu ya umeme, treni inatembea kwa adabu, na reli zikigusana kwa bahati mbaya, balbu inawaka kwa nguvu badala ya nyaya kuungua. Hadi leo naitumia hivyo.

Nkambo alikuja kukaa kwetu mwaka juzi, macho yake yalipofunga. Alifanya kazi ya njia ya reli tangu ujana wake hadi uzee: si dereva, si mtu wa ofisi, bali mtu wa kupiga nyundo na kunyoosha njia chini ya jua. Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akasikia mlio.

“Nini iko inalia vile?”

“Ni treni, nkambo. Ya kuchezea.”

“Leta.”

Nikamwekea mkononi behewa la abiria, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nyekundu, madirisha kumi na mawili. Akalipapasa. Alianza na magurudumu, akapima kwa kidole gumba nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, akapanda ubavuni, akafika paani, akarudi chini. Alifanya hivyo mara tatu.

“Iyi haiko treni ya kwetu,” akasema. “Haina mabega.”

Nilidhani ni maneno ya mzee. Mtu aliyetumia maisha yake karibu na mabehewa ya kweli, umpe plastiki, atasema nini? Lakini neno lile mabega halikuniacha. Jumatatu nilikwenda stesheni na utepe wa fundi cherehani. Mlinzi alicheka, akaniruhusu. Behewa lililosimama pale lilikuwa na upana wa karibu meta 2,8. Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi.

Njia ya Katanga ilitoka kusini. Treni ya kwanza ilifika Elisabethville mwaka 1910 kupitia Sakania, ikifuata upana wa njia uliopanda kutoka Cape: milimeta 1067 kati ya reli na reli. Ulaya, kwa sehemu kubwa, ni milimeta 1435. Njia ya LEGO, tangu ile ya buluu hadi ya leo, ina karibu milimeta 37,5. Ukigawa upana wa Ulaya kwa 37,5 unapata 38: treni ya kuchezea ni ndogo mara 38 kuliko ile ya kweli. Behewa la Ulaya la meta 2,8 linakuwa na milimeta 73, na kwa kuwa kabuto kamoja ni milimeta 8, hiyo ni tubuto 9. Kiwandani walizoea tubuto 6, watu wazima wanaojenga kwa uangalifu wanapenda 8. Hawako mbali na ukweli wao. Sasa gawa upana wetu: 1067 kwa 37,5 ni 28 na kitu. Behewa letu linataka milimeta 98. Tubuto 12!

Lile behewa langu jekundu la tubuto 6, likisimama kwenye njia ya kwetu, lingekuwa na upana wa meta moja na sentimeta 37. Abiria mnene angelivaa kama koti. Mzee asiyeona aliligundua kwa kidole gumba kwa muda mfupi kuliko mimi na kikokotoo. Treni yetu inakaa juu ya njia nyembamba na mwili wake unatoka nje pande zote mbili. Ina mabega.

Hapa nieleze daftari. Wakati ule nilikuwa nakusanya maneno ya watu wa reli kwa ajili ya kazi ya muhula, na nkambo ndiye aliyekuwa mtoa habari wangu mkuu. Ukurasa ulikuwa na safu tatu. Ya kwanza: neno alilolisema. Ya pili: neno la kamusi. Ya tatu niliipa jina “kosa”. Alisema traverse, nikaandika taruma, na katika safu ya tatu “Kifaransa”. Alisema wago, nikaandika behewa, “Kifaransa”. Alisema treni iko na mabega, nikaandika “upatanisho haupo”. Kurasa kumi na nne za namna hiyo. Sote tumemsoma Johannes Fabian, kitabu chake cha 1986, juu ya namna Kiswahili cha nchi hii kilivyoshikwa kuwa chombo cha kazi na cha utawala, kikaandikiwa vitabu na watu waliotaka kuamrisha. Tulikijadili darasani kwa ufundi mkubwa, mimi nikisema kuliko wengine. Halafu jioni nilirudi nyumbani kumpima nkambo kwa njia ya milimeta 1435.

Safu ya tatu niliifuta kwa wembe, karatasi nyingine zikatoboka. Safu ya pili niliiacha, maana msomaji wa Dodoma ana haki ya kuelewa.

Lakini kufuta ni rahisi kuliko kujenga. Behewa la tubuto 12 lilinisumbua miezi minne. Kwanza matofali hayakutosha. Nilivunja nyumba ya zimamoto, nilivunja duka, nilivunja hata stesheni yenyewe. Rangi zikachanganyika: ubavu mmoja mwekundu, mwingine nusu mweupe nusu manjano. Kwa sakafu nililaza bamba mbili za tubuto 6 sambamba, nikazifunga kwa chini. Kisha likaja tatizo la uzito. Magurudumu yanabaki karibu karibu, mwili ni mpana, na kila tofali unaloongeza ubavuni linavuta behewa lianguke. Kwenye kona ya kwanza lilipinduka. Kona zenyewe ni kali mno: nusu kipenyo cha sentimeta 32, na kwa kipimo chetu hiyo ni kama meta 9, sawa na kuizungusha treni ya kweli ndani ya kiwanja cha nyumba. Nilitoa tofali juu, nikajenga paa jepesi, nikaficha buloni mbili za chuma chini ya sakafu, katikati kabisa, kati ya boji na boji. Boji, kwa wasiojua, ni kale kagari kadogo ka magurudumu manne kanakozunguka chini ya behewa ili liweze kupinda. Likapita. Likagonga kizuizi cha barabara, kwa kuwa mabega yalikuwa yanatoka nje ya njia kuliko nilivyokumbuka. Nikasogeza kizuizi. Likagonga kwato la meza. Nikasogeza meza, mama akauliza kama nyumba ni ya nani.

Sikuweza kujenga mashini ya upana huo. Sina matofali ya kutosha, na mota ya zamani haina nguvu ya kuvuta buloni na mwili wake mwenyewe. Basi mashini ni ya Ulaya, nyembamba, na nyuma yake inavuta behewa moja la Katanga lililo pana mara mbili. Ukiliangalia unacheka. Mdogo wangu analiita “mama na mtoto wake”. Watu wa mchezo huu huko kwao wana vipimo vyao vya uzuri, na kwa vipimo hivyo kazi yangu haifai hata kupigwa picha.

Nilimpelekea nkambo. Alipapasa tena, magurudumu, ubavu, paa. Hakusema kitu kuhusu mabega. Aliuliza: “Na njia?”

Nikamshusha kwenye mkeka, nikashika mkono wake, nikauweka juu ya reli. Kidole kikatembea.

“Traverse iko wapi?”

“Iko hapa, nkambo. Na hapa.”

“Na kati yake?”

“Hakuna.”

“Basi bantu bataanguka.”

Sanduku la mjomba lilikuwa limepoteza mataruma mengi, na mimi niliweka moja tu kwenye kila kiungio, yatoshe njia nzima. Nikamwambia ni plastiki, inashika, haitaanguka. Hakunisikiliza. Alishika kipande kimoja cha reli, akakipima kwa kiganja toka kiungio hadi kiungio. “Hapa zinaingia tano.” Usiku nilipiga hesabu, tabia haiachi. Kipande kimoja ni tubuto 16, yaani milimeta 128, na kwa kipimo chetu ni meta tatu na nusu na kitu. Ukigawa kwa tano unapata sentimeta 73 kati ya taruma na taruma.

Nilikata mbao nyembamba za masanduku ya tomati, nikazipaka oili chafu ya gari ziwe nyeusi. Vipande mia moja na hamsini na kitu. Jumamosi iliyofuata nilivisokomeza chini ya reli kimoja kimoja, na nkambo alikaa kwenye mkeka akihesabu nyuma yangu kwa kidole: moya, mbili, tatu, ine, tano. Pale nilipoweka nne alirudi akaniita.

Kisha akataka treni ipite. Nikaunganisha betri, balbu ikawaka kidogo, mashini ikaanza kuvuta lile behewa lake pana, mlio mzito kuliko zamani. Nkambo alikuwa ameweka kiganja juu ya saruji, karibu na kona, kichwa ameinamisha. Likapita mara moja. Likapita mara ya pili.

“Eklisi ya pili toka mlango,” akasema, “imelegea.”

Eklisi ni kile kipande cha chuma kinachofunga reli na reli. Kwenye plastiki hakuna eklisi, ncha zinaingiliana tu. Nilitambaa hadi pale. Ncha zilikuwa zimeachana, upana wa ukucha. Nikazibana, nikachukua daftari nikaliandika neno, na tarehe.

“Pitisha tena,” akasema.