Kinyama Kinaposomwa Heidelberg

Heidelberg umelala kando ya Mto Neckar, na juu ya mji wa kale limesimama kasri la mawe mekundu lililobaki magofu. Hospitali za chuo kikuu ziko ng'ambo ya mto. Huko hata madaktari wenye mvi huenda kazini kwa baiskeli. Siku niliyokaribishwa maabara ya magonjwa ya ubongo nilikuta keki mezani. Mwenye siku yake ya kuzaliwa ndiye aliyeileta, akawakatia wenzake. Kwetu Kerenge, Korogwe, angekaa aletewe.

Kinyama cha uvimbe kikitolewa kichwani mwa mgonjwa hulowekwa kwenye fomalini, kikazamishwa katika nta, kisha mashine hukikata vipande vyembamba vya mikroni 3 hivi. Kila kichupa kina namba yake, na mhudumu hukisaini kinapofika. Nyumbani si ajabu ndugu wa mgonjwa kukabidhiwa kichupa apande nacho basi.

Sisi tuliokulia katikati ya mashamba ya mkonge ya Korogwe tunajua kupanga madaraja. Singa ndefu na nyeupe ni 3L, iliyopungukiwa ni UG, na jicho ndilo hakimu. Uvimbe wa ubongo nao ulipangwa hivyo kwa miaka mingi, daraja la 1 hadi la 4: mtaalamu aliinamia hadubini akahesabu seli zinazogawanyika, akatafuta mishipa mipya ya damu na sehemu zilizokufa.

Sasa wataalamu wanaziuliza protini. GFAP huonyesha kwamba seli zina asili ya glia, zile zinazohudumia neva. Ki-67, iliyopewa jina kwa mji wa Kiel, hupaka rangi seli zilizo mbioni kuzaana. Iliyonishika zaidi ni IDH1. Badiliko la jeni yake katika uvimbe wa ubongo liligunduliwa mwaka 2008, na mwaka uliofuata watafiti wa hapa hapa Heidelberg wakaeleza kingamwili inayoitambua protini iliyobadilika. Niliwekewa vioo viwili vyenye vipande vya uvimbe, ambavyo kwa rangi za kawaida vilifanana kama pacha. Baada ya kutiwa kingamwili, kimoja kiligeuka kahawia, cha pili kikabaki hafifu. Mwenye kioo cha kahawia kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, uvimbe wa mtu mzima wenye badiliko hilo hauitwi tena glioblastoma, jina la uvimbe mkali wa glia, hata ukifika daraja la 4.

Kerenge mtu mzima mwenye uvimbe kama huo akianza kuanguka degedege, wazee huulizana kwanza kama ni kifafa au mashetani. Kisha zahanati, hospitali ya Magunga, hospitali ya Bombo, na mwenye bahati hufika hospitali ya Muhimbili kwa rufaa. Siwalaumu wazee, kichwa hakifunguliwi kwa kukisia, na njia ni ndefu.

Ila kipimo kile cha kahawia hakihitaji mashine ya kusoma jeni. Kinataka fomalini nzuri, nta, hadubini, kingamwili yenyewe na fundi aliyefunzwa, na katika uvimbe wa glia hunasa takriban mabadiliko 9 kati ya 10 ya IDH. Hospitali zetu za rufaa zikiwa na fedha ya kipimo kimoja tu kipya cha uvimbe wa ubongo, zianze na hicho.